Furaha ya Msanii Haiibwi na Jembe

Mahadhi ya Wimbo wa Taifa la Kenya yalitoka kwa mtu aliyekuwa na kazi nyingine ya kufanya. Mwaka 1963, Uhuru ukikaribia, iliundwa tume ya wanamuziki watano kuutayarisha wimbo huo: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi waliyoyachagua yalitoka Mto Tana, katika wimbo ambao Wapokomo humbembelezea mtoto alale. Mzee Meza Galana, mwanamuziki wa huko huko Tana, hutajwa kuwa ndiye aliyewapa. Mama aliyeuimba mara ya kwanza kabisa hatumjui, ila yeyote aliyelelewa kando ya mto huu anaijua hali yake: mtoto yuko mgongoni, mpunga uko kinuni, moto unasubiri kuchochewa. Mikono ilikuwa na shughuli, sauti ndiyo iliyokuwa huru.

Kila bendera inapopandishwa shuleni, nchi nzima husimama wima kwa mahadhi yaliyozaliwa katikati ya kazi za nyumbani. Naliweka jambo hili mbele kwa sababu vijana wengi wenye vipaji Garsen, Tarasaa, Ngao, Minjila na Kipini wamebeba aibu wasiyostahili. Anayeimba harusini Jumamosi na kuendesha bodaboda Jumatatu hujiona nusu msanii. Anayechora mabango ya maduka, kisha akaenda kupalilia shamba la baba yake, huona kwamba bado hajaanza. Wameaminishwa kuwa msanii kamili ni yule aliyeacha kazi zote, akahamia Mombasa au Nairobi, akala kwa sanaa peke yake.

Mimi nashikilia vingine. Jembe, usukani wa pikipiki na meza ya ofisi havimwibii msanii furaha yake. Kinachomwibia ni kufanyishwa sanaa bure, na kunyimwa hata saa moja ya kutunga kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Tukilielewa hili, tutaacha kuwauliza vijana lini wataacha kazi waingie kwenye sanaa, na tutaanza kujiuliza sisi wenyewe tunawadai nini na tunawalipa nini.

Tuutazame mji wa Garsen wenyewe. Garsen iko njia panda. Barabara ya kutoka Malindi inafika hapa, kisha moja inapanda kuelekea Hola na Garissa, nyingine inashika njia ya Witu na Lamu. Sokoni hukutana Mpokomo na ndizi, maembe na samaki wake wa mto, Muorma na Mwardei na maziwa na mifugo yao, Mbajuni wa upande wa pwani, na mfanyabiashara aliyeteremka kutoka bara. Sanaa imetapakaa kati yao bila kujitangaza. Mama anayeuza mkeka amekata miyaa mwenyewe kwenye mikoma ya porini, akaianika, akaichana, akaitia rangi, akasuka ukili siku baada ya siku, ndipo akaanza kushona. Fundi wa mabango amechora kuku na sahani ya pilau kwenye ukuta wa hoteli, na amepanga herufi zake zikakaa sawa kwa jicho tu, bila kompyuta. Binti wa hina na piko ndiye humtoa bibi harusi akatazamwa. Kijana mwingine amegeuza chumba chake cha kulala kuwa studio, godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Ukiwauliza watu hawa wanafanya kazi gani, wengi watakutajia ile nyingine.

Kuwa na kazi nyingine ni busara ya mto wenyewe. Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, husafiri kilomita zipatazo 1,000 kutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hadi baharini karibu na Kipini, na anayeishi kandokando yake hawezi kutegemea kitu kimoja. Mabwawa yaliyojengwa huko juu, likiwemo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, yameyavuruga majira ya mafuriko ambayo wazee waliyapangia kilimo chao. Kisha huja mwaka ambao maji hayajui mipaka. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, familia nyingi za Kaunti ya Tana River zilihama makwao kwa mafuriko. Kwa hiyo mkulima wa hapa hulima mpunga bondeni, mahindi na pojo palipoinuka, akatega samaki, akatundika mizinga. Mfugaji hugawa mifugo yake, wengine wakabaki karibu na boma, wengine wakapelekwa malisho ya mbali. Hakuna anayemwambia mkulima huyo kwamba si mkulima kamili kwa kuwa anavua. Basi mwanamuziki mwenye shamba la maembe aambiwe ana kasoro gani? Maji yakimchukulia shamba, ngoma itamlisha. Mwaka usio na harusi, embe litamlisha.

Historia ya sanaa ya Waswahili iko upande wake. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika nyumba ya ufinyanzi. Alitembea akiuza vyungu, na sauti aliyonadia bidhaa ndiyo iliyowafanya watu wageuke. Mwaka 1911 akahamia mjini, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri zilizosikika Afrika Mashariki nzima. Hakuwa na mwalimu wa sauti kabla ya barabara ile ya vyungu. Aliyeyaandika maisha yake, Shaaban Robert, naye alikuwa mtu wa ofisini. Aliajiriwa kuwa karani wa forodha mwaka 1926, akakaa katika idara hiyo hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali. Mashairi na riwaya tunazowafundishia watoto wetu ziliandikwa na mtu aliyekuwa na bosi, zamu na mshahara wa mwisho wa mwezi. Karibu zaidi na siku zetu, mwimbaji Nyota Ndogo wa Mombasa alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kabla jina lake halijavuma redioni.

Hata hivyo mfano ninaoupenda zaidi uko jirani kabisa na Garsen. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeishi tangu miaka ya 1850 hadi 1945, alikuwa mchonga mbao, mwandishi wa hati, mshairi, mwanamuziki na mtu wa ngoma. Alinakili miswada kwa malipo, na wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walizipata tendi za kale kupitia kalamu yake. Mtu anaweza kudhani kwamba kunakili maneno ya wengine mwaka baada ya mwaka kungemchosha mshairi. Lakini mkono uliokuwa ukinakili kwa ujira ndio ulioandika Utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, kisa cha shujaa ambaye mapokeo yanasema kaburi lake liko Kipini, mahali Tana inapokutana na bahari. Wenyeji wa delta wanakijua kisa hicho vizuri. Liyongo akiwa kifungoni alimtuma kijakazi Saada kwa mama yake, mama akaoka mkate akaficha tupa ndani. Kisha shujaa akatunga wimbo wa gungu, na wenzake walipokuwa wakiuimba kwa kishindo cha ngoma na matari, yeye alikuwa akikereza minyororo. Wimbo na tupa vilifanya kazi usiku mmoja, na hakuna hata kimoja ambacho kingemtoa peke yake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba umaskini ni mwalimu mzuri, wala kwamba uchovu huzaa mashairi. Ziko kazi zinazommaliza mtu hadi asibakiwe na kitu cha kuimba. Kijana anayebeba magunia tangu alfajiri hadi magharibi kwa ujira usiotosha unga hana haja ya kuambiwa kuhusu Shaaban Robert. Anahitaji ujira wa haki kwanza. Ninachosema ni kwamba kazi yenye kipimo, yenye mwanzo na mwisho, huweza kumpa msanii vitu viwili ambavyo soko la sanaa halimpi. Humpa chakula ambacho hakitegemei kama watu wameupenda wimbo wake, na humweka katikati ya watu anaowaimbia. Dereva wa bodaboda husikia mengi zaidi katika safari ya Garsen hadi Minjila kuliko mtunzi aliyejifungia chumbani mjini akisubiri msukumo wa moyo.

Sasa tuje kwa mwizi mwenyewe. Simu hulia siku ya Alhamisi. "Ndugu yangu, Jumamosi tuna shughuli yetu pale, na wewe ni mtu wetu. Njoo utuchangamshe." Mwenye viti atalipwa. Mwenye turubai atalipwa. Mpishi atalipwa, na mwenye spika atadai nusu kabla hajazishusha. Mwimbaji ataambiwa kwamba mgeni rasmi atakuwepo, kwamba picha zitapigwa, kwamba hiyo ni nafasi yake ya kujulikana. Atarudi nyumbani usiku na soda mbili na sauti iliyokauka. Jumatatu atarudi kwenye bodaboda na atailaumu bodaboda kwa uchovu wake, hali aliyemchosha ni yule aliyemwita ndugu.

Msanii akishayapitia haya mara nyingi, kuna kitu huvunjika ndani. Huanza kuusikia wimbo kama deni analodaiwa na kila mtu. Mchoraji aliyependa rangi tangu utotoni huanza kuchelewa kushika brashi kwa kuwa brashi imekuwa na maana ya kuombwa. Tunasema kijana huyu amekuwa mvivu, au kipaji kimemtoka, kumbe sisi ndio tulioimaliza furaha yake kidogo kidogo kwa maneno matamu.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba tunafanya hivyo kinyume cha mila zetu wenyewe. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wazee, na hawakusema kwa mapambo. Katika ngoma na taarab za pwani, aliyeguswa na wimbo husimama, akaenda mbele, akamtuza mwimbaji mbele ya macho ya wote. Tuzo lilikuwa ushahidi wa hadharani kwamba kazi imefanyika na imepokelewa. Leo methali hiyo tumeigeuza: kwa kuwa unacheza kwenu, tunataka ucheze bure, na fedha tunamwekea msanii atakayeletwa na gari kutoka mji mwingine. Mkeka wa Tana tunaubishania bei hadi mama anachoka, kisha tunanunua wa plastiki bila kusema neno.

Viongozi na mashirika wana sehemu yao. Msimu wa kampeni ukifika, kila mgombea anataka wimbo wenye jina lake, na kura zikishahesabiwa simu ya mtunzi haipokelewi. Mashirika nayo huagiza wimbo wa amani kwa ajili ya mkutano wa siku moja. Hapa lazima niseme kwa uzito unaostahili. Kati ya Agosti na Septemba 2012, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, Wapokomo na Waorma, watoto na wanawake wakiwamo. Amani hapa ni kitu ambacho watu wamekizika na kukifufua kwa mikono yao. Wimbo ulioandikwa usiku mmoja ili ulingane na maneno yaliyo kwenye fulana za mkutano hauwezi kubeba mzigo huo. Unaoweza ni ule wa mtu aliyeachiwa muda wa kukaa na pande zote, kusikiliza, kufuta, kuandika tena, na aliyelipwa kwa muda huo wote. Kijumwa anatuonyesha kwamba ujira haujawahi kuwa adui wa kazi nzuri. Adui ni ujira wa haraka haraka kwa kazi iliyokwisha amuliwa iseme nini.

Msanii mwenyewe afanye nini? Kwanza, ataje bei yake mapema, kabla ya salamu kuwa ndefu na undugu kupanda juu ya hesabu. Apokee sehemu ya malipo kabla ya siku yenyewe, kama mwenye turubai. Akiamua kutoa kazi yake bure kwa msiba, kwa madrasa, kwa kwaya ya kanisa lake au kwa rafiki wa kweli, iwe zawadi aliyoipanga yeye, na aliyepokea ajue kwamba ni zawadi.

Pili, autumie mwaka kama mkulima anavyoutumia. Msimu wa sanaa Garsen una masika yake na kiangazi chake. Harusi husongamana kabla ya Ramadhani na baada ya Idi, na watu hurudi nyumbani likizo ya Desemba. Hapo ndipo pa kuvuna, kulala kidogo na kuweka akiba. Mwezi wa Ramadhani, muziki wa harusi unaponyamaza, au wiki ambazo barabara zimejaa maji na hakuna shughuli, ndipo pa kukarabati ngoma, kujifunza mahadhi kwa bibi na babu waliobaki, na kutunga. Anayetaka kutunga kila siku na kuuza kila siku atajikuta hafanyi kimoja.

Tatu, na hili nalitia mkazo kuliko yote, awe na sehemu ya sanaa yake ambayo haina mteja. Mshona mikeka abakishe mkeka mmoja wa kujaribia nakshi ambazo hajawahi kuziona popote, na asiutie bei. Mchora mabango awe na ubao wa nyumbani anaouchora apendavyo. Mwimbaji awe na nyimbo ambazo mtoto wake tu ndiye amezisikia. Wengine wataona huko ni kupoteza muda. Lakini mahadhi ambayo tume ile ya 1963 iliyafuata hadi Mto Tana yalitoka katika sehemu hiyo hiyo isiyo na mteja, kwa mama aliyemwimbia mtoto mmoja. Kazi ya kuagizwa hula kutoka katika ghala hilo, na ghala lisipojazwa, hata cha kuuza kitakwisha.

Yapo yasiyo mikononi mwa msanii. Tana imekuwa ikitoa sana na kupokea kidogo. Wimbo wa kubembeleza ulienda Nairobi ukawa wa taifa. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo iliyokuwa alama ya mamlaka na fahari yao, ilichukuliwa na maafisa wa Kiingereza mwaka 1902, na tangu 1908 imo mikononi mwa British Museum huko London, mbali na wale ambao mlio wake ulikuwa wao. Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa kwa matumizi ya utamaduni wao, na mwaka 2016 ikapatikana sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo imezipa serikali za kaunti jukumu la kuziandikisha. Maandishi yapo. Kilichobaki ni afisa wa utamaduni kupanda mtumbwi au pikipiki, akaenda vijijini na kinasa sauti na daftari, akaandika wimbo huu ni wa nani, nakshi hii ni ya wapi, ngoma hii inapigwa na ukoo gani, kabla wanaojua hawajatutoka.

Kaunti ya Tana River inaweza kuanza na mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Ibandike hadharani kiwango cha malipo ya kila msanii anayealikwa katika shughuli zake, na ilipe siku ile ile. Sakafu za ofisi za Hola na Garsen zitandikwe mikeka iliyosukwa na akina mama wa delta. Mabango ya zahanati na shule yaandikwe na mafundi wa hapa. Wiki ya utamaduni ikifika, fedha ya jukwaa isizidi fedha ya wanaopanda jukwaani. Hakuna msaada katika hayo. Ni kununua bidhaa kutoka kwa wenye bidhaa.

Nawe msomaji, iwe uko Garsen, Malindi au Muscat, huhitaji kusubiri kaunti. Kuna mtu mwenye kipaji ambaye namba yake iko kwenye simu yako, na bila shaka mwaka huu utamhitaji, kwa harusi, kwa bango, kwa hina, kwa shairi la kumuaga mwalimu. Ukimpigia, anza na swali moja: "Bei yako ni ngapi?" Akikutajia, usimkumbushe kwamba mmekua pamoja. Mlipe kabla hujamlipa mwenye viti. Kesho yake ukimkuta shambani au kwenye bodaboda, msalimie kwa jina la kazi zake zote mbili, kwa kuwa zote mbili ni za heshima.